Paka wa Mabweni Wanahitaji Choo, Siyo Gunia

Tangazo lililobandikwa kwenye mbao za mabweni lilikuwa fupi. Kabla muhula ujao haujafunguliwa, paka wote wanaozurura maeneo ya mabweni, kafeteria na shule ya awali "wataondolewa". Halikusema wataondolewa vipi, wala watapelekwa wapi. Sisi tuliokaa hapa miaka mitatu tunajua maana yake. Paka hutiwa kwenye magunia, gari likaenda kuwamwaga mbali, na mchezo ukaisha. Wengine hutupiwa samaki mwenye sumu usiku. Baada ya miezi miwili paka wapya wanakuwa wameshahamia, kwa sababu mapipa ya kafeteria yako palepale na panya wako palepale. Nimeshuhudia zoezi hilo mara mbili, na mara zote mbili tulirudi tulipoanzia.

Sikai hapa kuandika makala ya kuwaonea paka huruma. Malalamiko yaliyoleta tangazo lile ni ya kweli kabisa. Ngazi za nyuma za mabweni zinanuka mkojo. Wenzetu waliopanda mchicha pembeni ya kamba za nguo wameacha kuuvuna. Na shule ya awali iliyo ndani ya chuo, ambako sisi wa ualimu huenda kuangalia watoto wakijifunza, ina eneo la mchanga ambalo kila asubuhi mwalimu hulipitia na koleo kabla watoto hawajaingia. Mwenye hasira juu ya mambo hayo ana haki yake.

Lakini yasome tena malalamiko hayo moja baada ya jingine. Yote yanahusu mavi na mkojo. Hakuna aliyelalamika kwamba paka wanaiba daftari au wanapiga kelele wakati wa mitihani. Yaani tunachokiita tatizo la paka ni tatizo la choo, na tatizo la choo cha paka lina ufumbuzi ambao watu wamekuwa wakiuboresha kwa zaidi ya miaka 70. Hoja yangu ni kwamba ufumbuzi huo unawezekana hapa chuoni kwa beseni, maranda na zamu ya usafi, na serikali yetu ya wanafunzi inapaswa kuudai kabla magunia hayajaletwa.

Tuanze na jambo lenyewe. Paka huzika mavi yake, hahitaji kufundishwa. Akikuta mahali pakavu penye udongo laini unaochimbika, atapatumia, na atarudi hapo kesho. Huko Marekani, hadi miaka ya 1940, wafugaji wengi wa ndani waliwawekea paka sanduku lenye mchanga au majivu. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, jirani mmoja alimwendea kijana aitwaye Ed Lowe kuomba mchanga, kwa sababu wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Familia ya Lowe ilikuwa inauza bidhaa za kunyonya mafuta sakafuni viwandani. Badala ya mchanga, akampa punje za udongo mkavu wa aina fulani. Jirani alirudi kutaka tena, maana udongo ule ulinyonya mkojo na haukuacha alama za nyayo nyumba nzima kama majivu. Lowe akajaza mifuko kumi, akaupeleka dukani. Mwenye duka alisita, nani atanunua udongo senti 65 wakati mchanga ni karibu na bure? Lowe akamwambia augawe bure kwanza. Watu wakarudi na pesa mkononi.

Tangu hapo mambo yameenda mbali. Miaka ya 1980 ikaja bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kushikana kama donge la ugali, hivyo unaokota donge lenye mkojo peke yake na kuacha uliobaki. Baadaye zikaja chembe za silika, ndizo zile unazozikuta kwenye vipakiti ndani ya boksi la viatu vipya, zimeandikwa usile. Siku hizi kuna mchanga wa paka uliotengenezwa kwa mbao zilizosagwa na kushindiliwa kama chakula cha kuku, kwa karatasi zilizotumika, kwa mahindi, kwa ngano, na kwa makapi ya soya yanayobaki baada ya kutengeneza tofu. Kuna hata unaobadilika rangi mkojo wa paka ukiwa na kasoro, ili mwenye paka awahi kwa daktari.

Masanduku nayo yamebadilika. Litter-Robot, ambalo ni maarufu zaidi, ni kama pipa la duara linalosubiri paka atoke, kisha linajizungusha, linachuja madonge na kuyaangusha kwenye droo ya chini. Matoleo mapya yanampima paka uzito na kukutumia taarifa kwenye simu kwamba droo imejaa. Bei yake inazidi dola 500. Kwa bumu la mwanafunzi wa kawaida, hilo ni jambo la kuangalia kwenye video na kucheka.

Najua msomaji ameshajibu moyoni: sasa hayo ya Wazungu na paka wao wa kwenye makochi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu ukivua mapambo yote hayo, chini yake kuna kanuni tatu tu. Kitu kinachonyonya. Kitu kinachochimbika ili paka azike. Na kuondoa uchafu kila siku. Mashine ya dola 500 inauza hiyo ya tatu, basi. Inafanya kazi ambayo mtu mwenye koleo anaifanya kwa dakika tano.

Hiyo kanuni ya tatu ndiyo yenye uzito kwa afya yetu, na ningependa tuielewe vizuri kuliko tulivyozoea kuisikia kwenye vijiwe. Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Paka akikipata kwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa kula panya au ndege, hutoa mayai yake kwenye mavi kwa wiki moja hadi tatu hivi, mamilioni kwa mamilioni, kisha kwa kawaida huacha. Kwa mtu mwenye afya njema kimelea hiki mara nyingi hakileti shida ya kuonekana. Kwa mama mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu macho au ubongo wake, au mimba ikatoka. Kwa mwenye kinga dhaifu ni hatari pia. Hapa chuoni tunao akina dada na akina mama wajawazito, wakiwemo walimu waliotoka kazini kuja kusoma. Hili si jambo la mzaha.

Ila sikiliza sehemu ambayo watu huiruka. Mavi ya leo hayaambukizi leo. Mayai hayo yanahitaji kati ya siku moja na tano nje ya mwili wa paka ndipo yakomae. Ukiyaondoa kila siku, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Yakiachwa kwenye udongo wenye unyevu, yanaweza kudumu zaidi ya mwaka. Minyoo ya paka nayo iko hivyohivyo, mayai yake huchukua wiki kadhaa kukomaa mchangani, kisha hukaa yakimsubiri mtoto atakayeshika mchanga na kutia kidole mdomoni.

Kwa maana hiyo, hali tuliyonayo sasa ndiyo mbaya kuliko zote. Paka wanajisaidia popote, hakuna anayejua ni wapi, hakuna anayeondoa, na mayai yanakomaa kwa raha zake kwenye matuta ya mchicha. Kuwaondoa paka wa leo hakuondoi kilichoko udongoni tayari, na wakija wapya, wengi wakiwa wadogo ambao ndio kwanza wanaambukizwa, tunaanza upya. Na tuseme ukweli wote: watu wengi hukipata kimelea hiki kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Anayemwogopa paka huku anakula mishikaki mibichi pale getini anajidanganya.

Sasa nirudi kwenye mchanga wa watoto, maana hapo ndipo hasa nilipoanza kulifikiria suala hili. Kwa asiyesoma ualimu, mchanga wa shule ya awali unaweza kuonekana ni mahali pa kuwapotezea watoto muda. Sivyo. Mtoto wa miaka mitano ambaye bado hawezi kushika penseli vizuri anaandika herufi kwa kidole mchangani, akikosea anafuta kwa kiganja, anaanza tena bila aibu. Anajaza vizibo na makopo, anaona kopo moja refu na jingine pana yanabeba sawa, na hapo ujazo umeshaingia kichwani kabla ya mwalimu kuutaja. Kwa shule isiyo na vifaa vya kununua, mchanga ni maabara. Sasa maabara hiyo imegeuka choo, na mazungumzo ninayoyasikia ni ya kuisakafia kwa saruji. Mtoto wa mlinzi na mtoto wa mhadhiri wote watapoteza, kwa sababu sisi watu wazima tumeshindwa kumwekea paka beseni.

Paka anaupenda mchanga ule kwa sababu zilezile watoto wanazoupendea: mkavu, laini, unachimbika. Ukimwekea mahali pengine penye sifa hizo, patulivu zaidi, na mchanga wa watoto ukafunikwa turubai kila mchana wanapoondoka, hana sababu ya kung'ang'ania. Maana sasa hivi paka wetu wanaishi kama mwanafunzi aliyekosa chumba, wanabebwa. Anayebebwa anajisitiri popote anapopata nafasi.

Tutumie nini? Mchanga wa paka wa dukani upo mijini, lakini mfuko mmoja unakula hela ya chakula cha siku kadhaa, na umetoka ng'ambo kwa meli ukiwa ni udongo tu. Sisi tunayo maranda. Yeyote aliyekulia nyumba yenye kuku wa kisasa anajua kazi ya maranda: yanatandazwa bandani, yananyonya unyevu, harufu inapungua. Teknolojia ni ileile, mnyama tu ndiye tofauti. Ziko tahadhari chache. Maranda yawe makavu, yaanikwe juani. Yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani au nyekundu za kuezekea, maana paka hujilamba miguu. Unga wa mbao mwembamba unanyonya vizuri lakini vumbi lake linasumbua kifua cha paka na cha anayesafisha, kwa hiyo tuchanganye kidogo tu. Pumba za mpunga ziko tele, lakini zenyewe hazinyonyi sana na upepo unazipeperusha. Zinafaa kuongezea, siyo kutegemea. Majivu ambayo bibi zetu walifunikia uchafu wa paka jikoni yanapunguza harufu kweli, lakini yakilowa yanakuwa makali na yanaweza kuwasha nyayo. Tuyaache.

Haya siyaandiki kutoka kichwani tu. Tangu katikati ya muhula huu, sisi watu saba wa bweni moja tumeweka mabeseni mawili ya kufulia nyuma ya bweni, chini ya mwembe. Tulichukua mabeseni mapana kwa sababu dumu lililokatwa ni dogo, paka mkubwa hapati nafasi ya kugeuka, na wataalamu wa tabia za paka wanashauri sanduku liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake. Maranda tulipewa bure na seremala wa nje ya geti, ambaye yeye huyachoma. Siku nne za mwanzo hakuna paka aliyejali. Tukanyunyiza juu yake viganja viwili vya mchanga waliokuwa wanauchimba, na kesho yake asubuhi beseni moja lilikuwa limetumika. Mvua ilipoanza tukaegesha bati chakavu juu. Chombo cha kuokotea ni upawa wa bati tulioutoboa kwa msumari.

Maranda hayashikani kuwa donge kama bentonaiti, kwa hiyo tunaokota mavi kila asubuhi na kubadilisha maranda yote mara mbili kwa wiki. Kinachotoka kinaingia kwenye shimo refu, mbali na bomba na bustani, na kufukiwa. Hatukimwagi chooni. California walipitisha sheria mwaka 2006 inayotaka vifurushi vya mchanga wa paka viandikwe onyo la kutoumwaga chooni, baada ya kuhofia kimelea hichohicho kinafika baharini na kuua fisimaji wa kule. Beseni tunalimwagia maji yaliyochemka, kwa sababu dawa za kawaida za kufanyia usafi haziyaui mayai ya kimelea hiki, ila joto kali linayaua. Glovu ni lazima, na mjamzito hayumo kwenye zamu.

Matokeo? Ngazi za nyuma za bweni letu hazinuki tena. Yupo dume mmoja mkaidi bado anapenda bustani. Siuiti huu utafiti, wala sidai mabeseni mawili yanatosha chuo kizima. Nadai kwamba ilichukua watu saba na dakika tano kwa siku.

Nimesikia mapingamizi matatu, na ninayaheshimu. La kwanza ni kwamba tukiwawekea paka choo, tunawakaribisha. Paka wanakaribishwa na mabaki ya wali kwenye mapipa yasiyo na mifuniko na panya walioko kwenye dari. Hakuna paka aliyewahi kuhamia mahali kwa kufuata choo. Tukitaka wapungue, njia ni kufunika mapipa na kuwahasi. Halmashauri ina maafisa mifugo, na kila mwaka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo ya mbwa na paka huzungumzwa sana. Tuitumie siku hiyo kuwaleta hapa, wachanje na watushauri kuhusu kuhasi. Paka wachache, waliochanjwa na wasiozaa, ni bora kuliko wapya kila muhula.

La pili ni kwamba wanafunzi huanza jambo kwa mbwembwe na kuliacha mitihani ikikaribia. Hili ndilo pingamizi zito, na jibu lake siyo ahadi. Beseni lisilosafishwa ni baya kuliko kutokuwa na beseni, kwa sababu limekusanya uchafu mahali pamoja na paka naye ataligoma. Kwa hiyo kazi hii isitegemee wapenda paka. Iingizwe kwenye ratiba ya usafi wa mabweni inayosimamiwa na wizara ya afya ya serikali ya wanafunzi, na wakati wa likizo walipwe kidogo wahudumu wa usafi ambao hata sasa ndio wanaozoa mavi hayo bila glovu na bila kuhesabiwa. Hao hawakuulizwa wakati tangazo linaandikwa. Mama mmoja wa usafi aliniambia afadhali abebe beseni kuliko kupiga deki ngazi tatu.

La tatu ni kwamba kuna mambo ya maana zaidi: maji yanakatika, vitanda havitoshi, bumu linachelewa. Kweli. Lakini tangazo limeshatoka na zoezi litagharimu gari, mafuta na posho za watu, na litarudiwa mwakani. Ninachoomba ni nafuu kuliko hicho. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na chuo kinachofundisha sheria hakipaswi kuonekana kinatupa samaki wenye sumu gizani, mahali ambapo mtoto wa shule ya awali anaweza kupita asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wa bunge la wanafunzi, kikao kijacho, ni hili. Waombe uongozi usogeze mbele zoezi la kuwaondoa paka kwa muhula mmoja. Katika muhula huo kila bweni liwe na mabeseni mawili yenye maranda, shule ya awali ipate turubai la kufunika mchanga na mchanga mpya uletwe badala ya ule wa sasa, mapipa ya kafeteria yawekwe mifuniko, na afisa mifugo aitwe. Mwisho wa muhula wahudumu wa usafi na walimu wa shule ya awali waulizwe hali ikoje. Wakisema hakuna kilichobadilika, mimi mwenyewe sitakuwa na la kupinga.

Wakati tunasubiri kikao, karatasi ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa nyuma wa bweni letu. Jumatano na Jumamosi bado hazina mtu.